Wifi Ameishona Njia Yangu ya Pangoni Ikawa Msala

Wiyoni, Lamu
Jumatano, 12 Februari 2025

Kwa Bi Thuwaiba, mshauri wetu wa redioni,

Assalaam aleikum. Mpendwa mshauri, nimekuja kwako na jambo ambalo nikilitaja mbele za watu huchekwa, nawe ukitaka kucheka cheka tu, lakini ukishamaliza unisaidie, kwa sababu Ramadhani hii hapa mlangoni na mimi sijui nitafuturu na nani.

Mimi ni mzaliwa wa Kipungani, nimeolewa nikaletwa hapa Wiyoni, shule niliishia darasa la nane, na kazi yangu ni ile niliyoikuta kwa mama yangu, kusuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ya mkindu unaoshonwa ukawa mkeka. Mume wangu Famau alikuwa fundi wa mashine za boti. Alifariki mwaka jana kwa homa iliyomshika ghafla, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hatukujaaliwa watoto. Tulijaaliwa kucheka, na hilo nalishukuru mpaka leo.

Famau alikuwa na pleisteshen, mashine ya gemu, aliyoinunua kwa mtu wa Mombasa, akaifunika kitambaa cha kofia ili mchanga usiingie, na kila baada ya Isha huosha mikono ile harufu ya mafuta itoke, akaketi. Alipenda zile gemu ambazo unakuwa na msafiri wako, unampa jina na nguo na silaha, unamtembeza nchi za watu, anazungumza nao, anachagua awe mwema au awe mwovu. Lakini katika hizo yeye alipenda zile ngumu kabisa. Hakuna ramani, hakuna wa kukuelekeza, na msafiri wako akifa amekufa, hufutika jina lake na safari yake yote, nawe huanza upya huna hata viatu. Kabla hajaingia kwenye pango la ile gemu yake alikuwa akisema Bismillahi, na akiuawa anacheka mpaka anakohoa, kisha ananiambia, "Haya Mahfudha, tia chai, twaanza tena."

Dada yake Rawiya, ambaye ndiye wifi yangu wa pekee, yeye pia hupenda gemu za wasafiri, ila zile laini zinazopendwa na wengi. Katika yake kuna mshale wa dhahabu chini unaokuonyesha pa kwenda, ukianguka unainuliwa, na msafiri wake ana nyumba yenye maua na ameolewa na muoka mikate. Basi hao ndugu wawili wakikutana kwetu ilikuwa ni vita, na mimi niko pembeni na miyaa yangu nasuka na kusikiliza.

"Rawiya, hiyo si gemu, hiyo ni harusi," Famau humwambia.

"Na yako si gemu, ni jela. Mtu mzima, walipa pesa yako upigwe!"

"Siku mshale wako ukizimika utapotea hata ndia ya jikoni kwako."

"Nitauliza watu. Weye huulizi, ndiyo maana wafa."

Nilikuwa nawapenda wakizozana hivyo, maana hakuna aliyekasirika hata mara moja, na Rawiya akiondoka Famau humfungia mahamri kwenye karatasi aende nayo.

Famau alipofariki, Rawiya alihamia kwangu akae nami eda yote. Asubuhi alikuwa anavuka kwenda Ras Kitau, anapofua na kupiga pasi shuka za wageni, na jioni anarudi kwangu, ananipikia, ananichana nywele. Akaja na gemu yake akaniambia, "Wifi, cheza hii, hapa hakuna anayekufa." Nikacheza, kwa sababu ya wema wake. Lakini Bi Thuwaiba, naomba unielewe, mimi wakati ule kila mtu alikuwa ananionyesha mshale, huyu ananiambia kula sasa, huyu lala sasa, huyu usilie sana, huyu mbona hulii, wote wakisema kwa sauti ya chini kama mimi ni chungu kilichopata ufa, na nikishika padi ya gemu nakuta mshale mwingine tena uko chini unaniambia kata kona hapa. Nikachoka.

Siku moja Rawiya yuko kazini nikaifungua ile ya Famau. Nikauawa na mbwa kabla sijafika hata mlangoni mwa pango. Nikacheka, Bi Thuwaiba, nilicheka peke yangu ndani ya nyumba ya msiba mpaka nikajiziba mdomo. Ile gemu haikunihurumia hata kidogo. Haikujua kwamba mimi ni mjane. Nikaanza tena, na tena, na nikaona kwamba naiweza, kwa sababu gemu ile inataka mtu anayekumbuka vitu vidogo, jiwe lenye mwanya, mzee aliyesema neno mara moja tu akanyamaza, mlango uliokuwa wazi na sasa umefungwa, na mimi nimelelewa nikipita vijia vya mikoko nyuma ya Kipungani ambako usipokumbuka hurudi nyumbani. Famau alikuwa jasiri lakini hakuwa akikumbuka. Ndiyo maana akiuawa pale pale.

Ndani ya lile pango kuna kisima, na maji yake yakitolewa nje yanaponya kijiji kilicho mlangoni mwa pango. Famau hakuwahi kukiona hicho kisima. Alikuwa akisema, "Siku nitakayotoka na mai yale nitawapikia pilau weye na Rawiya kwa mkono wangu, na nyama nitakata mimi." Mimi nikajiwekea nia nifike.

Sasa kwa kuwa gemu haina ramani, na kalamu mkononi mwangu ni nzito, nilitumia ninachokijua. Nilianza ukili mpya, na kila kona ya kushoto natia uzi wa miyaa mwekundu, kona ya kulia natia mweusi, na penye shimo au mnyama natia wa zambarau. Nikifika penye taa, ambapo maadui hawakaribii, nasuka nilipopita. Hivyo ndivyo nilivyokwenda mpaka nikakifikia kisima, mimi Mahfudha, na mahali pale gemu imenihifadhi. Lakini kuna sharti. Ukishachota maji taa zote za pango huzimika, na huwezi kupumzika tena mpaka utoke nje. Ukiuawa njiani umefutwa. Nia yangu ilikuwa niutandaze ukili wangu mbele ya televisheni, niuvute kwa kidole cha mguu kona baada ya kona huku mikono iko kwenye padi, nitoke salama.

Sikumwambia Rawiya kitu. Niliona haya, nikasema atanicheka, au atalia. Yeye alikuwa akiniona nasuka kama siku zote.

Eda yangu ilipokwisha, mwezi wa Rajab, nilioga, nikavaa, watu wakaja wakasoma dua, na Rawiya akaniletea kitu kimekunjwa ndani ya leso mpya. Nikafungua. Ulikuwa ni msala, mkeka wa kusalia, wa duara refu, umezungushwa kutoka kati mpaka ukingoni bila kukatwa hata mahali pamoja, umeshonwa vizuri kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka, na mama mmoja wa Matondoni mwenye mkono mzuri, na nyekundu na nyeusi na zambarau zimetapakaa kama maua. Alikuwa ameuchukua ukili wangu chini ya kitanda bila kunambia ili nishangae.

Nami neno lililonitoka mbele ya wanawake wote lilikuwa, "Rawiya! Umenifungia ndia yangu!"

Akaniuliza ndia gani. Nikamweleza, mbele ya watu, kwa kutapatapa. Uso wake ukabadilika. Akasema, "Mimi nakuletea msala, weye wanambia pango." Kisha akasema lile ambalo mpaka leo linaniuma. "Weye huchezi gemu, wifi. Weye waendelea na matanga. Hiyo ni gemu ya kakangu, si yako. Mtu hapendi kuuawa." Akachukua gemu yake na kanga zake, akarudi kwao Langoni. Hajaja tena. Salamu anatuma, lakini mwenyewe haji. Bi Mwanamkisi wa nyumba ya pili ananiambia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mjane hukaa kwa dhikri, si kwa mapango," na hilo silijali sana kwa kuwa yeye husema juu ya kila mtu.

Linalonitatiza ni hili. Ndia yangu yote imo ndani ya ule msala, katikati ndipo kilipo kisima na ukingoni ndipo mlango wa pango, lakini imezunguka na kuzunguka, na mtu hawezi kuifuata kwa jicho huku anapigana, ukitazama pembeni mara moja tu umepoteza mstari. Nimejaribu kuukariri, sikuweza. Nikisali juu yake ndiyo balaa zaidi, nikisujudu naona ile kona ya mashimo mawili, nasahau rakaa, sasa nasali kwenye mkeka wa kawaida na ule msala nimeukunja kabatini, na hilo nalo naona ni kumtupia wifi yangu zawadi yake. Je, niufumue ushonaji nipate ukili wangu, niingie pangoni, nimalize? Huo ni msala, na ni zawadi, na Rawiya akijua sidhani atanisamehe. Au niiache gemu hii ngumu, nirudi kwenye mshale wa dhahabu na muoka mikate ili wifi yangu arudi? Nikifanya hivyo atarudi, najua. Lakini ile nyingine ndiyo naipenda, Bi Thuwaiba, na siipendi kwa matanga. Naipenda kwa kuwa naiweza.

Usinifikirie kuwa nina huzuni kubwa. Nala, nalala, nasuka, na asubuhi nikisikia mtu anakohoa kidogo kabla ya kupiga hodi huwa natabasamu, kwa kuwa Famau alikuwa akifanya hivyo kwenye mlango wake mwenyewe. Namtaka wifi yangu tu. Yeye ndiye aliyebaki anayejua Famau alivyocheka.

Jina langu litaje, hapa Wiyoni hata usipolitaja watajua. Rawiya husikiliza kipindi chako akipiga pasi. Unijibu kwa upole, na katika dua zako unikumbuke mimi na marehemu.

Wako,
Mahfudha

*

Mahfudha dada yangu, wa aleikum salaam, na pole sana. Mwenyezi Mungu amlaze Famau pema. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimecheka mahali pamoja tu, pale penye mbwa.

Nianze kwa kukugombeza ili tumalize hilo mapema. Mtu amekaa nawe eda nzima. Alivuka maji kwenda kazini na akavuka kurudi, akakuchana nywele, naye mwenyewe amefiwa na ndugu yake. Anakuletea msala ndani ya leso mpya, na wewe mbele ya wanawake waliokuja kusoma dua unamlilia kuhusu pango. "Ahsante wifi" ni maneno mawili tu, Mahfudha. Yangekutosha mpaka wageni wakaondoka. Halafu hukumwambia kwamba ule ukili una kazi. Umeficha ramani chini ya kitanda, kisha unamlaumu asiyejua kuwa ni ramani! Mtu wa Lamu akiona ukili mzuri umekunjwa anafikiri nini? Anafikiri mkeka. Hata mimi ningeushona.

Sasa Rawiya. Najua unanisikiliza na pasi iko mkononi, basi isimamishe usije ukaunguza shuka ya mgeni. Na wewe mwanangu umekosea. Umemwambia mjane kwamba kupenda kwake si kwake. Umeona kakako alipenda gemu ngumu, wifi yako naye sasa anaipenda gemu hiyo hiyo, ukasema hayo ni matanga. Huenda alianza kwa matanga. Wengi wetu tumejifunza kupika kwa kuwalilia mama zetu marehemu, na leo hakuna anayetuambia mchuzi huu si wako. Famau alipenda ile gemu kwa kuwa ilimpiga. Mahfudha anaipenda kwa kuwa anaiweza. Huoni kuwa hawa ni watu wawili?

Mimi gemu sizijui, nasema kweli. Kwa hivyo nilimuuliza Ian, kijana wa bara anayeshughulikia mitambo ya sauti hapa studioni. Akaniambia, "Bi Thuwaiba, hizo ngumu ni za watu hawataki kusaidiwa. Mimi nacheza zile za mshale, nikitoka kazini akili imechoka, nataka tu kushinda." Nikamuuliza zipi bora. Akasema wanaozicheza hugombana juu ya hilo kila siku mtandaoni, na matusi juu. Nikamwambia basi hawana tofauti na watu wa barazani wanaogombania bao. Anayetaka kufarijiwa na gemu hana kosa. Na yule anayetaka gemu isiyojua kuwa amefiwa, huyo naye mwacheni apigwe na mbwa.

Kwa hivyo Mahfudha, usirudi kwenye mshale wa dhahabu kumfurahisha mtu. Rawiya atakuja, atakaa, atakuona unapiga miayo mbele ya muoka mikate, na atajua. Utakuwa umemficha jambo mara ya pili.

Na msala usiufumue. Nasema hivyo kama mtu aliyekalia mikeka tangu utotoni. Shazia ikishapita, ukivuta uzi miyaa inakatika, utabaki na vipande na huna wifi wala ndia. Kusali juu yake pia usisali, maana umesema mwenyewe unahesabu mashimo badala ya rakaa. Endelea na mkeka wako wa kawaida uliotulia usio na maua. Lakini kabatini nako uutoe, maana zawadi haikunjwi gizani. Ukitaka hukumu zaidi ya hapo muulize ustadh wa mtaani kwako, mimi ni mtu wa redio tu.

Umesoma barua yako mwenyewe, Mahfudha? Umeniandikia kwamba mtu hawezi kuufuata ule mstari huku anapigana. Kweli, mtu mmoja hawezi. Hakuna tatizo la msala hapo. Tatizo ni kwamba unataka kutoka pangoni peke yako, na umeshonewa ndia inayotaka watu wawili.

Fanya hivi. Kesho, alasiri, usimtumie mtu salamu. Vaa buibui lako uende Langoni kwa miguu yako. Ukohoe kidogo mlangoni kabla ya kupiga hodi, atajua umekuja na nani moyoni. Mwambie, "Ahsante kwa msala, ni mzuri, na nilikosa adabu." Usitie "lakini" baada yake, hata moja. Ngoja chai imiminwe ndipo umweleze kisima kilipo, na mai aliyoyataka kakake, na taa zinavyozimika.

Kisha mrudi Wiyoni pamoja. Utandike ule msala mapajani mwa Rawiya. Wewe shika padi, yeye aweke kidole katikati, pale penye kisima. Chota maji. Taa zikizimika, yeye auzunguke mstari polepole, na kila akifika penye nyekundu au nyeusi akuambie ugeukie wapi, na penye zambarau apige kelele. Mkumbuke tu kwamba mnarudi, basi kushoto ya kwenda ni kulia ya kurudi. Hilo mkubaliane kabla, si ndani ya giza. Na wewe Rawiya, umependa mshale siku zote. Leo mshale ni kidole chako.

Mkifa, mmekufa. Mtacheka mpaka mkohoe, mtatia chai, mtaanza tena, na safari hii ukili mtausuka wawili, maana nina hakika wifi huyo wa Langoni hajui hata kuchana miyaa na ni wakati ajifunze.

Mkitoka, kuna pilau iliyoahidiwa na mtu ambaye hakuwahi kuvunja ahadi ila kwa mauti. Ipikeni nyinyi, siku yoyote ya Ramadhani mtakayoweza, na nyama aikate Rawiya kwa niaba ya kakake. Sahani ya kwanza mpelekeeni Bi Mwanamkisi, ili ukutani apate la kusema jema.

Na mimi, nikiwa mbali hapa na maikrofoni yangu, mkae mkila mnikumbuke.